Je, Wajua? Mvua Imenyesha Shinyanga, Baiskeli Ipite Wapi?

Je, wajua kwamba Shinyanga unaweza kuchagua njia ya baiskeli baada ya mvua ukiwa bado mbali, kwa kutazama tu mashamba ya watu? Ukiona mpunga, geuza. Ukiona mihogo na karanga, kanyaga pedeli uende.

Si uchawi huo. Mpunga hukaa kwenye majaruba, bondeni, palipo na udongo unaoshika maji. Mihogo na karanga hupenda kichanga cha juu kinachoyaacha maji yapite. Mkulima alikwisha kukupimia ardhi, tena bure.

Je, wajua Wasukuma wana jina la kila aina ya udongo unaoukanyaga? Luseni ni mchanga mwepesi wa huko juu karibu na mawe. Isanga ni mchanga wa chengachenga, ikungu ni udongo mwekundu, itogolo na ibambasi ni ule wenye tabaka gumu chini yake. Na mbuga, ndugu yangu, ni ule mweusi wa bondeni unaokula viatu.

Tena haukukaa ovyo! Udongo huo hushuka kwa mpangilio, kilima baada ya kilima: mawe, mchanga, udongo mgumu, halafu mbuga. Ukishajua umesimama kwenye upi, unajua mita 500 mbele unakwenda kukutana na upi.

Sasa sikia hii. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hiyo wa udongo wa Afrika Mashariki na kuuita katena. Leo wanafunzi wa udongo duniani kote wanafundishwa katena. Imetoka kwetu hiyo, na mkulima wa Usukuma alikuwa anaitumia kabla haijaandikwa.

Milne alizunguka sehemu za Tanganyika kukagua udongo miezi gani? Desemba 1935 hadi Februari 1936, mvua ikiwa kazini! Aliyetaka kuujua udongo hakusubiri ukauke. Ripoti ya safari ile ilichapishwa mwaka 1947, mwenyewe akiwa amekwisha fariki.

Je, wajua mtu wa kwanza kabisa kupanda chombo cha magurudumu mawili naye alianza kwa kuchagua njia? Tarehe 12 Juni 1817, Karl Drais alitoka Mannheim, Ujerumani, juu ya mashine ya mbao isiyo na pedeli, akijisukuma kwa miguu. Aliifuata barabara nzuri kuliko zote za eneo lake, akaenda na kurudi kilomita 13 hivi kwa muda usiotimia saa moja.

Waliomuiga walikuta barabara za magari ya farasi zimechimbika, wakahamia pembeni wanakopita waenda kwa miguu. Desemba ya mwaka huohuo Mannheim ikawapiga marufuku. Baiskeli haijatimiza mwaka mmoja duniani, tayari ina kesi ya njia mbovu!

Turudi nyumbani, kwenye mbuga. Udongo huu ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa ambazo kina chake kinaweza kufika mita 1. Kiangazi unaweza kuingiza mkono mzima kwenye ufa. Masika ufa uleule umejifunga na umeshikilia tairi lako.

Je, wajua udongo wa aina hii umefunika hekta milioni 335 hivi duniani? Hiyo ni zaidi ya mara 3 ya Tanzania nzima. Uko India, uko Sudan, uko Ethiopia, uko Australia, uko Texas, na kote huko waendesha baiskeli wanalaani kwa lugha zao.

Na ndio huohuo unaopenda pamba. Uwanda mpana wa Kishapu, mweusi na tambarare, ni nchi ya pamba kwa sababu udongo wake unatunza maji muda mrefu. Kinachomfurahisha mwenye shamba ndicho kinachomliza mwenye baiskeli.

Haya, tufanye hesabu. Gurudumu la baiskeli yetu kubwa, ile ya namba 28, lina mzunguko wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo katika kilomita 1 linazunguka mara 450. Likizoa gramu 10 tu za tope kila mzunguko, mwisho wa kilomita umebeba kilo 4.5. Kwa gurudumu moja! Una mangapi?

Na lita 1 ya tope zito la mfinyanzi inakaribia kilo 2, wakati lita ya maji ni kilo 1 tu. Lita 5 za tope kwenye fremu, madigadi na magurudumu, na baiskeli yako ya kilo 20 imekuwa baiskeli na nusu.

Ndiyo maana mbuga haikushindi kwa utelezi. Inakushinda kwa kuganda. Tope linaingia kati ya tairi na madigadi, linachukua vijiti na manyasi, linashindiliwa, halafu gurudumu linagoma kabisa kuzunguka hata ukisimama juu ya pedeli kwa uzito wako wote. Mwenyeji akifika hapo hababaiki: anashuka, anavunja kijiti, anakwangua chini ya madigadi ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, halafu pembeni ya cheni. Hatua 20 mbele, limejaa tena. Mara ya tatu hakwangui tena. Anaweka baiskeli begani. Kuna wanaoondoa madigadi kabisa masika yakianza, wakaridhika kurudi nyumbani na mstari wa matope mgongoni, na mimi nawaunga mkono.

Je, wajua tope la mbuga usipolichokoza huachia lenyewe? Udongo ule ukikauka unasinyaa, unapasuka na kubanduka vipande vipande. Kwa hiyo ukifika salama iache baiskeli juani, nenda kanywe chai, urudi uigonge kidogo kwa kiganja.

Shika hii: mchanga uliolowa ni njia nzuri kuliko mchanga mkavu! Agosti luseni inameza tairi hadi usukani unayumba. Machi, baada ya mvua, luseni ileile imekaza na unapita unapiga mluzi. Maji kidogo kati ya punje hushikanisha mchanga.

Kidogo kiasi gani? Mwaka 2012 wanasayansi, Daniel Bonn wa Amsterdam akiwa mmoja wao, walipima na kukuta mchanga hupata nguvu yake kubwa ukiwa na kiasi cha asilimia 1 tu ya maji. Asilimia 1!

Miaka miwili baadaye, kundi hilo la Amsterdam lilionyesha kwamba kuulowesha mchanga kwa kipimo sahihi hupunguza nguvu ya kuvuta mzigo juu yake hadi nusu. Wamisri wa kale walikuwa wanajua. Kwenye kaburi la Djehutihotep, lenye umri wa karibu miaka 4,000, kuna picha ya mtu amesimama mbele ya sanamu kubwa inayovutwa, anamwaga maji mchangani.

Na huo mchanga wetu umetoka wapi? Umetoka kwenye mawe ya matale yaliyosimama kila kona ya Usukuma, mawe yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Unapokanyaga luseni unakanyaga unga wa jiwe lililozaliwa kabla dunia haijaona mnyama hata mmoja.

Miti nayo inasema. Ukiona migunga mifupi yenye miiba mirefu na vinundu vyeusi vilivyotobolewa matundu, simama: mti ule unapenda udongo mweusi, na mbele yako ni mbuga. Vinundu vile ni nyumba za sisimizi. Upepo ukipita kwenye matundu, mti unapiga mluzi, na ukiugusa, wenye nyumba wanatoka na meno.

Ukiona mininga na miti mingine ya miombo, kama kwenye misitu iliyobaki upande wa Kahama, pumua. Hapo mara nyingi chini ni mchanga au udongo mwekundu, na maji hayakai.

Minyaa je? Iko kila mahali, imepandwa ua pande mbili za njia za ng'ombe. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza, unaweza hata kumpofusha mtu kwa muda. Ukiteleza, basi uteleze upande wa pili!

Njia ya ng'ombe yenyewe usiiamini masika. Kila kwato inatoboa shimo, shimo linajaa maji, na kundi la ng'ombe 100 lina kwato 400. Njia ya watu ya pembeni, nyembamba kiasi cha futi moja, ndiyo yako.

Je, wajua chini ya tope la bondeni anaweza kuwa amelala samaki? Kamongo ana mapafu, anapumua hewa, na maji yakikauka anajichimbia matopeni, anajifunika na kusubiri mvua. Ndugu zake wa Afrika wamewahi kukaa hivyo zaidi ya miaka 3 bila kula. Wewe umekwama nusu saa tu na tayari unalalamika.

Tinde, pale njia panda ya magari ya Kahama na Nzega, ina maajabu yake. Udongo wa bonde la Manonga na maeneo ya Tinde uliwekwa na ziwa la kale, na wachimbuaji wameokota humo mifupa ya viboko, ya jamii ya tembo na ya samaki yenye zaidi ya miaka milioni 4. Ziwa lilikwisha ondoka. Mfinyanzi wake umebaki kukusubiri wewe na tairi lako.

Hata Ziwa Victoria lenyewe liliwahi kukauka! Miaka zaidi ya 15,000 iliyopita lilikuwa uwanda wa nyasi. Leo lina kilomita za mraba 68,800 hivi, kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziunganisha.

Na ziwa hilo linajipikia mvua. Usiku ngurumo zinakusanyika juu ya maji, mchana zinahamia nchi kavu. Ndiyo maana Geita, iliyo karibu na ziwa, hupata mvua nyingi kuliko Shinyanga.

Maana yake kwako? Bara kama Shinyanga na Kahama mawingu mengi hujenga mchana na kumwaga alasiri. Ondoka saa 12 asubuhi, saa 5 uwe umefika. Anayeanza safari saa 8 mchana mwezi Machi ana lake jambo.

John Speke, mpelelezi Mwingereza, alipita nchi hii kwa miguu akitoka Tabora mwaka 1858. Aliondoka Julai, na tarehe 3 Agosti alikuwa anatazama ziwa ambalo wenyeji walikuwa wanalivua siku zote. Julai na Agosti, kiangazi kikavu! Angeondoka Machi tungekuwa bado tunamsubiri.

Je, wajua Mwalimu Nyerere aliwahi kuiita Shinyanga jangwa la Tanzania? Miti ilikatwa kwa ajili ya vita dhidi ya mbung'o, kwa mashamba ya pamba, kwa kuni. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, watu wakarudisha ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma. Zilikuwa hekta 600 hivi. Ndani ya miaka kama 15 zikapita hekta 300,000!

Mwaka 2002 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini ngoja nikuonye: ngitili hufungwa mvua zikianza, ili nyasi zikue. Hata kama ina kivuli na udongo mzuri, usikatize na baiskeli. Mwenye ngitili anajua alama ya kila tairi kijijini.

Karibu Mwadui, Kishapu. Mwamba wa almasi ulioko pale, alioukuta mwanajiolojia John Williamson mwaka 1940, una hekta 146 juu ya ardhi, mmoja wa mikubwa kabisa iliyowahi kuchimbwa kwa faida duniani. Mwamba wa namna hiyo ukioza unageuka mfinyanzi laini. Ukiteleza hapo, angalau umeteleza kitajiri.

Mwaka 1947 pale palitoka almasi ya waridi ya karati 54.5, yaani gramu 10.9, akapewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi. Ikakatwa ikabaki karati 23.6. Na mwaka 2022 jiwe jingine la waridi la Mwadui, karati 11.15 tu, liliuzwa Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Gramu mbili na kidogo! Mimi nikirudi na gramu mbili za Kishapu kwenye soli, naambiwa nisiingie ndani.

Mwaka huohuo, tarehe 7 Novemba, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi ulipasuka pale Mwadui na tope likafunika mashamba ya jirani. Tope la bwawa la mgodi linaweza kuonekana limekauka juu huku chini bado ni uji. Usilijaribu hata kwa mguu.

Sasa vuka ziwa uende Geita. Daraja la J. P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa 19 Juni 2025, na lina urefu wa kilomita 3 juu ya ziwa. Kilomita 3 za kuelekea Geita bila tone la tope! Kabla yake ilikuwa foleni ya kivuko.

Huko udongo unageuka mwekundu. Vilima vya Geita vina mawe ya chuma yenye mistari, ya zaidi ya miaka bilioni 2.6, na changarawe yake nyekundu ndiyo wanayomwaga barabarani. Dakika 10 za kwanza za mvua ni utelezi mtupu. Jua likitoka saa mbili tatu, unapita. Mbuga ingekuomba siku kadhaa.

Lakini fungua macho, maana Geita dimbwi si dimbwi. Maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yaliyoachwa wazi hujaa maji ya mvua hadi mdomoni, na duara linaweza kushuka zaidi ya mita 30. Kanuni ya huko ni moja: usipoona chini, usipite. Zunguka, hata kama kuzunguka ni kilomita nzima.

Je, wajua chupa ya lita 1 ikijazwa dhahabu ingekuwa na kilo 19.3? Ikijazwa tope haifiki kilo 2. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote ya mwalo, pale wachimbaji wanapooshea udongo wa dhahabu: maji yanaliondoa tope, dhahabu inabaki chini kwa uzito wake.

Na kwenye mwalo usipitishe tairi. Wachimbaji wadogo wengi hukamatia dhahabu kwa zebaki, na sehemu yake hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya kuosha, na kwenye tope linalozunguka karasha, mashine ya kusaga mawe. Rwamagasa, wilayani Geita, ni miongoni mwa sehemu chache duniani zilizochaguliwa na mradi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 2000 kuchunguza tatizo hilo. Tope hilo likirukia cheni, utalipeleka hadi uani kwenu wanapocheza watoto.

Je, wajua mchwa naye ni mpima dhahabu? Mwaka 2012 watafiti wa Australia Magharibi walitangaza kwamba vichuguu vinaweza kubeba chembe za dhahabu, kwa sababu mchwa hupandisha udongo kutoka chini. Usiende kubomoa kichuguu cha watu, nimekwambia tu!

Kusini-magharibi ya Geita, Bukombe na kuendelea, kuna pa kukwepa kabisa masika: ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, kilomita za mraba 32,500. Ni kubwa kuliko nchi nzima ya Ubelgiji. Iliwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu muhimu duniani, mwaka 2000, ya kwanza Tanzania.

Na hao Wabelgiji wanapenda matope hadi wanalipa kiingilio! Wana mashindano ya baiskeli ya majira ya baridi, mashambani na mchangani, ambako mkimbiaji hubadilisha baiskeli njiani mara kwa mara huku fundi wake akiosha ile chafu. Pakishindikana, anashuka na kuiweka begani. Kishapu hiyo ni Jumanne ya kawaida.

Tairi lao kwenye mashindano hayo halitakiwi kuzidi upana wa milimita 33. Tairi la baiskeli yetu ya namba 28 ni pana kuliko hilo, inchi moja na nusu, kama milimita 38. Kwa hiyo mzee wa Maswa na gunia lake la pamba ana tairi pana kuliko bingwa wa dunia.

Je, wajua baiskeli za milimani zilizaliwa kwenye mikweche? Mwaka 1976, kule Marin, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, zenye breki za nyuma za pedeli. Njia ilishuka mita 400 katika kilomita 3 na ushee. Rekodi ni ya mmoja wao, Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22, na miaka 20 baada ya mashindano ya kwanza mchezo ulikuwa Olimpiki ya Atlanta.

Tairi la upepo unalolitegemea lilitengenezwa na daktari wa mifugo! John Boyd Dunlop, mjini Belfast, mwaka 1888, kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Wasukuma, watu wa ng'ombe, mna haki ya kujivuna.

Tairi hilo linagusa ardhi kwa eneo gani? Wewe na baiskeli mkiwa kilo 90, na upepo wa kilo 3 kwa kila sentimita ya mraba, mnagusa sentimita za mraba 30 tu. Gawa kwa magurudumu mawili: 15, hazifiki uso wa kiberiti. Punguza upepo hadi kilo 2, na eneo linapanda hadi 45. Tayari umepata nusu nzima ya ziada ya kushika ardhi bila kutumia shilingi.

Cheni safi nayo ni maajabu. Mwaka 1999 maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, iliona cheni ya baiskeli ikifikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu za miguu kwenye gurudumu. Mchanga ukiingia, inasagika kila mzunguko. Baiskeli za kizamani zenye kifuniko kizima cha cheni hazikuwa za kizee, zilikuwa za akili.

Breki za vyuma, zile zinazovuta raba juu kwenye rimu, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu rimu ikilowa. Kwenye mteremko wa Geita wakati wa mvua, anza kushika breki ukiwa bado juu, si ukifika kwenye kona.

Je, wajua Goma, Kongo, wamelimaliza tatizo la matope kwa msaada wa volkano? Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, na juu ya mawe hayo chukudu, vyombo vya mbao vya magurudumu mawili visivyo na pedeli, hubeba mamia ya kilo za viazi na mkaa. Mji umeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu!

Na Kigali, Septemba 2025, waliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika, sehemu ya njia ikiwa mlima wa mawe yaliyopangwa. Mawe yanatikisa meno lakini hayagandi.

Moja la kukufanya uwe makini. Nimekwambia upite juu, kwenye mgongo wa kilima, na juu ndiko radi inakopenda. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa sekondari wilayani Bukombe. Ukiona mmweko, hesabu: sekunde 3 hadi ngurumo ni kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, teremka mgongoni, achana na mti wa peke yake, ingia kwenye nyumba imara.

Je, wajua basi njia bora ya masika kutoka kijiji hadi kijiji mara nyingi ni ndefu kuliko ya kiangazi? Kiangazi watu hukatiza mbuga moja kwa moja. Masika njia hiyohiyo inapinda, inapanda luseni, inazunguka kichwa cha bonde na kushuka ng'ambo. Kilomita 8 zinakuwa 12, na wa 12 anafika kwanza.

Kwa hiyo ukija Shinyanga na baiskeli yako mwezi Machi, kaa juu kwenye mchanga, fuata mihogo, na ukifika palipo na mpunga muulize mama anayepalilia kabla hujaingiza tairi. Kishapu na mbuga zake njoo Agosti: udongo uleule utakuwa mgumu, na utapita bila kushuka.